Kuwahamisha Watu wa Pengwini

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimepata cheo. Bado hakijatangazwa, lakini nimekipata.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii kwenye makumbusho ya mji wetu, Dunedin: mimi, Murdo Strachan, mchana hujibu barua za watu wanaolalamikia faini za maegesho. Hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya roho ni Kororā, programu ya simu ya kuhesabia pengwini wadogo wa bluu. Ni programu huria. Yeyote anaweza kuifungua ndani, kuisoma, kuirekebisha. Halipwi mtu. Tunaitengeneza sisi wachache tuliotawanyika nchi nzima, na wakati wa kutaga wanaitumia mamia ya watu wanaojitolea kukagua viota pwani yote.

Na sisi watu wa kisasa tunawasiliana vipi? Kwa barua pepe! Unaandika kwenye anwani moja, orodha nzima inapata. Aibu. Anayeisimamia ni Gerrit Hoekstra wa Invercargill, Mholanzi mpole anayejibu kila sentensi yako chini ya sentensi yenyewe, kama mwalimu anayesahihisha insha.

Sasa Mama Mereana Tipa, mwanzilishi wetu, ameandika kutoka Moeraki. Wapya wanalalamika kwamba barua pepe ni nzito. Je, kuna mtu wa kukusanya maoni, tujue chombo gani kinatufaa? Bila haraka, anasema, maana hesabu kuu ni Jumamosi ya wiki ijayo, na shirika la pengwini limeshatuonya: programu ikiharibika tena mwaka huu, wanatuacha, wanachukua ya kampuni. Na Kororā ndiyo basi.

Nilijitolea kabla sijamaliza kusoma.

Ngaire, mke wangu, akauliza kukusanya maoni ni kazi ya nani. Nikamwambia ya Mkuu wa Mawasiliano. Akauliza ni nani huyo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumanne, 7 Oktoba

Maoni nimeshayapata. Yangu. Tutahamia Huddla. Ina rangi nzuri, vyumba vya gumzo, na ukimaliza ujumbe inakupigia makofi. Lakini lazima watu waone wamechagua wenyewe. Kwa hiyo nimetunga dodoso.

Swali la kwanza: Je, unapenda mawasiliano ya haraka na ya kupendeza, au unapenda barua pepe? La nne: Bibi yako alitumia barua pepe. Je, wewe ni bibi yako?

Kazi safi. Nimelituma saa ya chakula cha mchana na kujizawadia mkate wa jibini wa pili.

Jioni: majibu! Sefina Leavasa wa Auckland, ambaye ndiye anayeandika sehemu kubwa ya Kororā (na anajua), anasema bibi yake alitumia barua pepe hadi akiwa na miaka tisini, alikuwa na akili kuliko mtunga dodoso, na nimwombe radhi. Mmoja anataka jukwaa la mijadala. Mwingine anataka gumzo lile la zamani la maandishi meupe kwenye giza. Kuna anayetaka tuachwe jinsi tulivyo.

Gerrit amejibu dodoso lote, swali kwa swali, kwa adabu ya kuchosha. Anasema Huddla ni mali ya kampuni. Mwenye nyumba akiamka vibaya atafunga mlango, na sisi tutabaki nje na mazungumzo yetu ndani. Watu wa programu huria, anasema, wakae kwenye nyumba ambayo ufunguo wanao wenyewe.

Maneno ya mtu mwoga. Huddla ina wafanyakazi wenye tabasamu. Nimewaona kwenye picha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkakati mpya! Umenijia wakati naosha vyombo.

Kila mtu anataka chake? Nitampa kila mtu chake. Jukwaa, gumzo jeupe, vyote. Watachoka kurukaruka, kisha watakimbilia Huddla wenyewe, wakilia. Na ili pasiwe na lawama, nimeandika roboti wa kunakili ujumbe: ukiandika mahali pamoja, anaupeleka kwingine kote. Nimemwita Tarishi.

Ngaire akauliza: Tarishi akikuta ujumbe alioupeleka mwenyewe, atajuaje kwamba ni wake? Swali la mtu asiye na utaalamu. Nilimweleza kwamba roboti wana akili zao.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tarishi hana akili zake.

Gerrit aliandika neno moja tu asubuhi: "Sawa." Tarishi akalipeleka kwenye Huddla. Akalikuta Huddla, akaliona jipya, akalipeleka jukwaani. Akalikuta jukwaani. Na kadhalika. Hadi wakati wa chai, jumuiya nzima ilikuwa inapokea "Sawa" bila kupumua. Simu ya Mama Mereana ilitetemeka mpaka ikatembea yenyewe juu ya meza ya jikoni na kutumbukia kwenye sufuria ya kome. Sefina aliandika kwamba hajawahi kuona mtu akikubaliana na jambo kiasi hiki.

Nilimzima Tarishi kwa kuchomoa waya ukutani. Umeme wa jokofu nao ukakatika. Hilo ni jambo jingine.

Watu waliuliza nini kimetokea. Nilisema, na huu ni ukweli mtupu, kwamba ujumbe ulianzia kwa Gerrit.

Gerrit akaomba radhi! Anasema ataangalia kama kuna hitilafu upande wake. Nikajisikia vibaya kidogo, kisha nikakumbuka kwamba hii ni siasa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mkutano wa video. Nilivaa tai.

Nilianza kwa hotuba. Katikati, Gerrit akaomba kuongeza jambo, akaliongeza, likarefuka. Nikazima sauti yangu, nikamgeukia Ngaire aliyekuwa anafuma soksi kando, nikamwambia kwamba mtu huyu anaongea kama anavyoandika, na anaandika kama mtu anayechonga jiwe la kaburi, na kama pengwini wangemsikia wangerudi baharini.

Nikaigeukia skrini. Nyuso zote zinanitazama.

"Murdo, kaka," Gerrit akasema taratibu, "sauti yako iko wazi."

Sefina alicheka mpaka akaondoka mbele ya kamera. Nikasikia tu kiti kinaanguka.

Mama Mereana hakucheka. Alisubiri watulie, kisha akatoa uamuzi: mpaka hesabu ipite, hakuna kugusa kitu. Watu wa pwani wanajua anwani moja tu. Programu ikigoma wakiwa wamelala kifudifudi na mkono ndani ya kiota, wanaandika pale pale na Sefina anaona. Sanduku lile la barua lisiguswe. Baada ya hesabu tutachagua kwa utulivu.

"Tumeelewana, Murdo?"

Nikasema tumeelewana, Mama.

Nimeyapima maneno yake. Alisema "hakuna kugusa kitu." Hakusema "hakuna kuelekeza kitu kwingine."

Jumanne, 14 Oktoba

Leo nimetenda.

Historia fupi. Majira yale Gerrit alipokwenda kwao kumzika mama yake, aliniachia nywila ya orodha ya barua pepe, niiangalie. Aliniambia: "Nakuamini wewe." Hajaibadilisha hadi leo. Mtu wa teknolojia! Uzembe wa kusikitisha. Nimeamua kumsaidia kwa kumwonyesha.

Kuanzia leo mchana, barua yoyote inayoingia kwenye orodha inapelekwa Huddla, na mwandishi anapata jibu la papo hapo, nililolitunga mwenyewe: "Hongera! Tumehama! Njoo Huddla ucheke nasi!" Likiwa na picha ya pengwini aliyevaa kofia ya sherehe.

Watu watajikuta Huddla bila maumivu. Wakifika watashangaa walikuwa wapi siku zote. Siku ya hesabu yenyewe itakuwa ushahidi wangu: mamia ya watu, pwani nzima, wanaongea ndani ya nyumba yangu.

Nilimgusia Ngaire. Aliacha kufuma.

"Jumamosi na mimi nahesabu, Murdo. Nikipata tatizo naandika wapi?"

Nikamwambia aandike palepale pa siku zote, atapelekwa.

"Kwa hiyo nikiwa kwenye mawe, mkono mmoja umeshikwa na pengwini, mwingine ndio wa kujiunga na klabu?"

Ngaire ana mazoea ya kuangalia upande mbaya wa mambo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ushindi mtulivu. Hakuna aliyelalamika kuhusu orodha. Hata mmoja!

Ngaire anasema hawawezi kulalamika kwa sababu mahali pa kulalamikia ndipo nilipopafunga. Anachanganya mambo.

Huddla sasa tuko wawili, mimi na Sefina, aliyeingia kuchungulia. Aliandika: "Hamna watu humu? Nasikia mwangwi." Huddla ikampigia makofi. Akaandika kwamba leo anatoa toleo jipya la Kororā kwa ajili ya hesabu, na atakayeliona likifanya kazi vibaya amwambie haraka kwenye orodha. Nilitaka kumwambia kuhusu orodha. Lakini alishatoka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa na plasta kwenye vidole vyote vya mkono wa kulia isipokuwa kidole gumba.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Upepo wa kusini, baridi ya kukata, bahari inang'aa. Mimi na Ngaire tulipewa ufukwe wetu wa siku zote kwenye rasi. Yeye analala kwenye nyasi, anafunua kifuniko cha kiota, anaingiza mkono. Mimi nasimamia mawasiliano, yaani nasimama na simu.

Simu kimya. Nikamwambia Ngaire: unaona? Hakuna tatizo hata moja pwani nzima. Utawala bora.

Baada ya kumaliza safu ya kwanza ya viota, Ngaire akaangalia simu yake, akakunja uso. Kororā inasema amehesabu pengwini mmoja.

Nikasema labda mwaka huu ni mmoja.

"Murdo. Nimeng'atwa na zaidi ya mmoja."

Toleo jipya lilikuwa na kosa. Kila kiota ulichoandika kilificha kilichotangulia, ingawa vyote vilibaki kwenye kumbukumbu ya simu. Lakini mtu akifunga programu akaifungua upya, vyote vinapotea kabisa. Ngaire aliandika kwenye anwani ya siku zote. Papo hapo akajibiwa: "Hongera! Tumehama!" Akaniinulia simu nimwone pengwini mwenye kofia.

Nilifungua Huddla kwa haraka. Haikufunguka. Ujumbe mwekundu: watu wengi mno wamebisha kwa wakati mmoja, kwa hiyo chumba kimefungwa kwa usalama wetu. Wasiliana nasi siku za kazi. Mimi ni mwenye chumba! Nimefungiwa nje ya chumba changu! Na kule nje, kutoka Timaru hadi Rakiura, watu wamelala kifudifudi na mikono yao mashimoni, wanaandika "msaada," na mimi nawapongeza. Mmoja mmoja. Kwa picha.

 Nilikaa chini bila kutazama, juu ya kiota, mkono ukaingia shimoni. Ndipo kidole cha kwanza kiling'atwa.

Ngaire hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Aliutoa mkono wake shimoni, akaufuta kwenye nyasi, akampigia Gerrit. Simu ya kawaida. Mlio, mlio, "Hallo?"

Gerrit hakuuliza kwa nini. Aliuliza wangapi wameshafunga programu. Kisha akaanza kupiga simu. Anawajua wote, yule mtu. Huwapigia siku zao za kuzaliwa, anauliza habari za magoti yao. Aliwaambia: msifunge programu, msiguse kitu, viota vilivyobaki viandikeni kwa kalamu mkononi, kwenye bahasha, kwenye kitu chochote. Kisha akampata Sefina, ambaye alikuwa kanisani akipiga gita kwenye mazoezi ya kwaya. Sefina alikaa chini nyuma ya ngoma na kutafuta kosa hadi akalipata, na namba zilizofichwa zikarudi. Ngaire alimsikia kwenye simu, anatukana kwa Kisamoa kwa sauti ya chini, na wanakwaya wanaendelea.

Karibu kila timu iliokolewa. Isipokuwa moja. Mama Mereana alishamaliza Moeraki peke yake, akaona namba ya ajabu, akazima simu na kuiwasha upya. Asubuhi yake yote ikafutika. Na maji yalikuwa yanapanda kuelekea viota vya chini.

Ngaire alikuwa ameshawasha gari.

Tulimkuta kwenye mawe, anarudia kiota kimoja kimoja, goti lake baya limefungwa skafu.  Nilivua tai (ndiyo, nilikuwa na tai), nikalala kwenye matope, nikaingiza mkono. Nilichukua viota vya chini vyote. Wimbi lilinifika kiunoni. Kila pengwini wa Moeraki alitaka kunijulisha maoni yake, na alinijulisha. Ngaire alizitaja namba kwa sauti, Mama Mereana akaziandika kwa peni ya rangi juu ya mkono wake mwenyewe, hadi kiwikoni.

Tulipomaliza alikaa juu ya jiwe, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanipa kwanza mimi.

"Mwanangu," akasema, "nilikuomba usikilize watu. Hiyo tu. Usikilize."

Chai ilikuwa ya moto sana. Ndiyo maana machozi yalinilengalenga.

Jumapili, 19 Oktoba

Mkutano. Bila tai.

Mama Mereana aliuliza nani alielekeza barua za orodha kwingine. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri linalomhusisha Tarishi. Ngaire, aliyekuwa kando yangu, akakohoa mara moja. Nikasema ni mimi.

Gerrit akasema anajua. Amejua tangu Jumanne. Mtu akibadilisha kitu kwenye orodha, mashine humtumia taarifa.

Sefina akaruka: "Ulijua? Sasa kwa nini hukurudisha, Mzee Gerrit?"

 Gerrit akasema alidhani nimekubaliana na Mama Mereana kwanza. Akasema nywila alimpa rafiki, na hukagui kazi ya rafiki. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yake. Nusu gani, sikuelewa. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

"Nitabadilisha nywila leo," akaongeza. "Si kwa hasira, Murdo. Ila nitabadilisha."

Nilimwomba radhi. Mara ya kwanza sauti ilikuwa imezimwa, nikalazimika kurudia yote. Mara ya pili ni ngumu zaidi.

Habari njema: hesabu imekamilika, na pengwini wameongezeka. Shirika linabaki nasi. Walisema hawajawahi kupigiwa simu na watengeneza programu wanaojua majina yao.

Maamuzi: barua pepe inabaki kwa hitilafu na mambo mazito. Kwa porojo, kutakuwa na gumzo huria kwenye seva yetu wenyewe, ufunguo kwetu, Sefina atalisimika. Siku ya hesabu, watu wa kupigiwa simu. Dodoso langu la mwanzo halikutajwa. Hekima kubwa.

Mimi nimepewa kazi ya kuwajibu wageni wanaouliza maswali. Kusoma swali, kulielewa, kisha kujibu. Mama Mereana alisisitiza mpangilio huo.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimetafakari kwa kina, nikitumia vidole vilivyobaki, na nimeliona somo. Liko wazi kabisa.

Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la intaneti.

Fikiria. Barua pepe: intaneti. Huddla: intaneti. Tulipookoka, tuliokoka kwa sauti ya binadamu. Lakini simu nazo zina kasoro: unampigia mmoja mmoja, na anaweza kukata. Kinachohitajika ni sauti moja, inayowafikia wote kwa mpigo, wasioweza kuikata.

Redio ya upepo!

Nimeipata ya mtumba, kubwa kama jiko, pamoja na antena ya kusimika juu ya paa. Kila timu itakuwa na yake. Mimi nitakuwa Kituo Kikuu. Sijamwambia Mama Mereana bado, kwa sababu aliniambia nisikilize, na redio ndicho chombo cha kusikiliza kuliko vyote. Atafurahi akishangazwa. Gerrit nimemtengea jina la hewani: Kituo Kidogo cha Kusini. Ni heshima.

Leo jioni nilipanda paani nikafunga antena. Ngaire alishika ngazi. Aliuliza kama kuna mtu yeyote kwenye jumuiya aliyeomba redio. Nikamwambia watu hawajui wanachotaka mpaka wakipate. Akaiachia ngazi na kwenda kuandaa chakula.

Jaribio la kwanza limefana kupita matarajio. Nilibonyeza, nikasema: Kituo Kikuu hapa, mnanipata? Hewani hakujibu mtu. Lakini mlango wa gereji ya jirani yetu, Bwana Cuthill, ulifunguka wenyewe. Nikarudia. Ukajifunga. Nikarudia tena. Ukafunguka, na Bwana Cuthill akatoka mbio na taulo, akautazama mlango, kisha akalitazama paa letu, akanyanyua mikono yote miwili juu na kupaza sauti. Upepo ulikuwa mkali, sikumsikia vizuri.

Ni mwanachama wetu wa kwanza.